Sihami Temeke

Temeke, Dar es Salaam

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, na Mama ameanza tena kwenda shambani. Sisi huku wazima, ila joto la Dar es Salaam halina huruma.

Barua yako nimeipata. Unaniambia nifungashe nimfuate mume wangu Lindi, maana mke wa karani wa serikali hachagui pa kukaa. Nakuheshimu sana, Baba, lakini safari hii nakataa.

Mjukuu wako Neema ana miaka tisa. Tumemtoa Tabora, tukamtoa Dodoma, tukamtoa Morogoro. Kila shule humrudisha darasa la kwanza, eti kaja katikati ya mwaka. Wewe mwenyewe ulimwita kasuku kwa maneno yake mengi. Hapa alikaa miezi miwili bila rafiki, na kila asubuhi alikunja nguo zake kikapuni, tayari kwa safari.

Halafu mwalimu wake akaniita. Kila mtoto ana tuta lake katika shamba la shule, hupanda anachotaka.

"Mama Neema, wenzake wamepanda muhogo," akasema. "Huyu wako ni mchicha tu. Akishachuma, anapanda mchicha tena."

Nikamuuliza mtoto. Akajibu bila kuniangalia: "Mchicha unawahi, mama. Karanga zangu za Dodoma wamekula wengine. Kwani sie tunakaaga?"

Nililia mbele yake, wala sioni aibu kukuambia.

Mume wangu alipoleta karatasi ya uhamisho, nikamwambia aende, sisi tutamngoja hapa. Alifoka kwamba watu watasema kaachwa. Nikamjibu na waseme, midomo ni yao. Siku mbili baadaye akaomba nimfungie nguo zake tu. Ameondoka Jumatatu. Namkumbuka tayari, lakini sijuti.

Usimtume kaka kuja kunishauri. Akija, aje kula wali wa nazi.

Msalimie Mama, na shangazi aliyenifunza kusuka mikeka, na huyo kaka mwenyewe.

Mwanao mkaidi,
Anyesi

Nusura nisahau. Nilimwambia Neema kwamba hatuhami. Jana kaomba pingili za muhogo kwa jirani, akauliza muhogo hukaa ardhini muda gani. Nikamwambia karibu mwaka mzima.

"Haya," akasema. "Nitangoja."