Mama amelisifia jengo

Denise, niko chooni hapa manispaa, nashindwa kutoka. Mama ametumaliza.

Si leo baraza lilikuwa linaamua kama jengo letu lifanywe fleti za kuuza, sisi wapangaji tuondoke? Tulibaki na tumaini moja tu, wakubali kwamba jengo ni bovu, maana jengo bovu haliruhusiwi kuuzwa fleti.

Mama akapewa kipaza sauti. Tulishakubaliana aseme kuhusu paa.

Akasema, "Kwangu hakuvuji hata tone." Na ile ndoo ya kukingia maji iko pale pale sebuleni, shoga, unaijua. Kaona aibu watu wasikie kwake kunavuja.

Hata tone. Kwa ile sauti yake ya kupokea wageni.

Nikamvuta sweta, akanipiga kofi mkononi.

Mwanasheria wa mwenye jengo akamuuliza kwa upole, "Kwa hiyo Mama Pelletier, mtu anaweza kununua hapo bila wasiwasi?"

"Mtu yeyote mwenye akili," Mama akamjibu.

Baraza zima likanyoosha mikono kukubali fleti ziuzwe.

Sasa hivi ananigongea mlango, anauliza kama ameongea vizuri.

Nimemwambia ameongea vizuri.