Picha ya Chupa Siifuti

Abaayo Nasteha, dada yangu, nimeitwa mlevi! Mimi, na mtoto yuko kwa titi, naitwa mlevi!

Ni ile picha ya chupa niliyoweka kwa status ya WhatsApp. Juisi ya zabibu, wallahi, "halali" imeandikwa hapo mbele. Mama mkwe ameingia bila hodi: "Futa! Watu wote hapa Ijara wameona! Wanaopiga chupa picha ni walevi wa Nairobi!"

Walevi! Nikamuuliza, "Mama, ngamia wako akizaa, si unatutumia picha ya kibuyu cha maziwa?"

"Hiyo ni baraka."

Na yangu si baraka? Juisi ni ya kusherehekea: nimepita mtihani wa darasa la jioni! Hata hao wanaoweka picha za mvinyo leo nimewaelewa: wanataka furaha yao ionekane, si chupa.

Siifuti. Nimeiweka tena, na matokeo yangu kando. Ijara isome.