Pembe Nne za Simu Yangu

Jumanne, Ipuli. Wanasema leo kuna mawingu. Mimi kila siku naona mawingu.

Shule sikuiona. Mimi nasema, mjukuu wangu Nyamizi anachapa, na nimemkataza kuyatia sukari maneno yangu.

Ni presha ya macho. Daktari kasema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka. Nyamizi kazi yake ni kutengeneza programu za simu, basi ananitengenezea yangu, ya kuwapigia wanangu nikishakuwa kipofu. Jana kaniletea mipangilio miwili nichague.

Wa kwanza ni safu. Picha za watu zimepangana juu mpaka chini, ukisukuma kwa kidole zinapanda. Wote wamo. Wa pili ni visanduku vinne, kila kimoja na pembe yake. Hakuna kinachosogea.

Nikataka safu. Mama gani anapunguza watoto?

"Bibi, fumba macho umpigie shangazi Kalunde."

Nikafumba, nikasukuma, nikabonyeza. Akaitika muuza mkaa.

"Heee, mke mwenzangu! Na huyo ulimzaa lini?"

Ndiye Nyamizi huyo na utani wake. Tulicheka.

Kwenye visanduku sikukosea. Kidole kinafuata ukingo wa simu, kikifika pembeni kimefika. Nikauliza, na katikati je, hakiingii cha tano? Tukajaribu. Katikati kidole hakina pa kushika, kinapotea.

Wanangu walio hai ni wanne. Pembe moja lazima iwe ya jirani, mama Shija, maana nikianguka bafuni yeye ndiye wa kufika. Kwa hiyo mtoto mmoja atoke.

"Nimtoe nani, Bibi?"

Aliuliza huku anajua. Mihayo, kifungua mimba wangu, yuko Mwanza. Ndiye baba yake Nyamizi. Tangu tumzike mkewe, simu yake inaita mpaka inakatika yenyewe. Yangu hapokei, ya binti yake hapokei.

Jambo hilo halikuwa la kumwachia mtoto alitamke.

"Mtoe Mihayo," nikasema.

Akamtoa. Uso wake sikuuona vizuri, nilisikia anavuta kamasi. Nikamlaza mapajani, jitu zima lile, miguu inaning'inia nje ya mkeka.

Leo asubuhi nimefumba macho nikagusa pembe zote. Wote wameitika.

Moyo haujatulia.

Mihayo, kama unasoma haya, mjinga wangu wewe, basi piga wewe. Masikio bado ninayo.