Bunduki Juu ya Paa la Boti

Ruti, Mbarara

Baba Zawadi, mume wangu,

Sikusalimu kwanza. Nitakusalimu hasira ikishuka. Juzi nimeongea na mtu aliyekuwa na wewe siku ile ziwani, na tangu hapo chakula hakipiti, jiko la chai sijaliwasha, na Zawadi nimemfokea bila kosa lolote. Muda wote huu nimeishi sijui kama mimi ni mke wa mtu au ni mjane. Sasa nimejua. Na namna nilivyojua ndiyo inayonichoma, maana aliyenifundisha ni wewe mwenyewe.

Unakumbuka wiki tuliyooana kule Kalemie? Wenzangu wakiolewa walipelekwa kwa mawifi wakala pilau. Mimi ulinishika mkono, hina haijafifia, ukanipeleka bandarini kunionyesha boti ya serikali. Nilidhani ni mzaha. "Huyu ndiye bibi mukubwa," ukaniambia, "umusalimie." Nami nikamsalimia, mjinga mimi! Alikuwa wa rangi ya kijivu, wa aluminiamu kuanzia tumbo mpaka kichwani, na ulipomgonga kwa kidole alilia kama sufuria tupu. Nikakuuliza, je, risasi ikija? Ukacheka mpaka wenzako wakageuka. "Ikija inapita, mama. Hii boti hawakuijenga kwa kupigwa. Waliijenga kwa kupiga na kukimbia."

Ukanieleza yote pale pale, jua la saa saba likiniunguza utosi. Juu ya paa la kibanda cha usukani palikuwa na bunduki kubwa mbili pacha, zimefungwa ndani ya duara la chuma, na mpigaji husimama humo akizunguka nazo pande zote. Hapo ndipo palikuwa mahali pako, na ulipopanda kunionyesha ulisimama kifua mbele kama vile ziwa lote ni shamba la baba yako. Nyuma palikuwa na mota, ule mzinga mfupi wa kurushia makombora, iliyobebeshwa bunduki nyingine mgongoni, vitu viwili juu ya mguu mmoja. Na hiyo mota si lazima uidondoshee kombora mdomoni kama wanavyofanya askari wa nchi kavu, unaweza kuifyatua kwa kidole ikapiga mbele moja kwa moja. Nilikuwa naitikia tu, eeh, eeh, huku viatu vya harusi vikinibana.

Lakini swali moja niliuliza, na wewe hukulisahau mpaka mwisho, ulikuwa ukilisimulia kwa kila mgeni. Mimi nimebeba mtungi kichwani tangu utoto, najua uzito ukikaa juu unavyotaka kukuangusha. Nikasema, mbona kitu kizito hivyo mmekipandisha paani, haipinduki? Ukaruka chini. "Ona bibi yangu ana akili! Angalia tumbo lake, ni pana. Na kule chini kabisa kumelala injini mbili kubwa, zinamuvuta akae. Bunduki ikipiga teke, yeye anatikisika tu. Lakini chukua hii bunduki, uiweke juu ya boti ya mbao, upige kwa pembeni mara moja tu. Munalala wote na samaki." Maneno hayo nimeyashika kuliko maneno yako ya mapenzi. Ya mapenzi hukuwa nayo mengi, na usibishe.

Kisha vipuri vikakosekana, boti zikafa moja baada ya nyingine gatini, na wakubwa wakataka kukutia kwenye jeshi la miguu. Ukakataa. "Miye mutu ya mayi," ulisema, mtu wa maji. Tukavuka ziwa mpaka Kigoma, tukapanda Bukoba, tukaishia huku Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na vyungu viwili na Zawadi mgongoni. Wakubwa wa kambi wakatupatia kipande cha shamba tulime. Wewe ukalima, sikusengenyi, ulilima. Ila kila jioni ulishuka kwenye lile ziwa dogo la mafunjo na viboko, ukasimama, ukarudi umenuna. Nikikuuliza una nini, unasema, "Hili si ziwa, hili ni beseni."

Na nyumba! Wallahi nyumba ile. Majirani zetu wafuga ng'ombe walijenga za duara, wengine za pembe nne, bwana yangu akajenga iliyochongoka mbele na kupanuka nyuma, na dirisha moja juu kabisa, ambalo ulilifikia kwa kupanda sanduku. Mvua ikinyesha, ile pembe ya mbele ilivuja kwenye unga wangu. Watu wakaiita Manowari. Hata mgeni akiuliza njia, aliambiwa pita Manowari kisha kata kushoto. Nilikulaumu sana kwa unga ule. Lakini nilikuwa nikikuona juu ya sanduku, umeshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, ukitazama nje, na roho yangu haikutulia. Mwanamume aliyeacha mke mwingine nyuma hana macho tofauti na yale.

Ndipo askari wakaja. Ilikuwa wakati wa vita, kila upande ulikuwa unatafuta mafundi, nao walisikia kuna Mzaire Nakivale anayejua bunduki za kwenye maji. Hawakuja kwa ubaya, nitasema kweli. Walikunywa chai yangu, wakasema wana boti ya mbao ya kubebea samaki kwenye ziwa kubwa la huku, wanataka kuitia bunduki nzito ya kulinda mizigo yao. Nilikutazama usoni. Afadhali wangekuja na pingu, ningepiga kelele kambi nzima ikajaa. Kumbe walikuja na boti. Ulinyoa ndevu siku hiyo hiyo, na ulikuwa ukiimba.

Nikakufuata nyuma ya nyumba. "Baba Zawadi, hiyo boti yao ni ya mbao. Ina injini ngapi?" Ukasema moja, tena ndogo. Nikasema, basi bunduki unaiweka wapi? Ukaniwekea mkono begani. "Chini kabisa, katikati, na inapiga mbele tu. Unaniogopea nini, si weye ulinifundisha ile ya mtungi?" Tukacheka. Hayo yakawa maneno ya mwisho kati yetu, na mimi niliyachukua kama kiapo.

Habari ya kwanza aliileta dereva wa lori la maziwa wa Bwizibwera, mwenye ndugu jeshini. Boti ya askari ilipinduka ziwani. Walipiga bunduki pembeni, ikalala, baadhi ya watu hawakutoka. Majirani wakaanza kuingia na vilio vyao, mmoja ameshafunga kanga kiunoni tayari kwa matanga. Nikamuuliza dereva, bunduki ilikuwa wapi? Akasema, wanasema juu ya paa. Basi! Niliwatoa wote. Niliwaambia bwana yangu hawezi kuweka bunduki paani kwenye boti ya mbao, hata akilewa, hata akilazimishwa. Hiyo boti ni ya fundi mwingine, mjinga fulani, Mungu amrehemu. Wakanitazama kama mwendawazimu, mwanamke anayegombana na msiba kwa habari za injini na mbao.

Nikahamia hapa Ruti, kando ya barabara ya Kabale, nikafungua banda la chai na chapati ili askari wapite na mimi niulize. Kila mara jibu langu lilikuwa moja. Wakisema kafa, nasema bunduki ilikuwa wapi? Wakisema paani, nasema basi si yeye. Shehe wa msikiti alikuja kwa upole kunishauri nitafute hukumu ya mume aliyepotea, nihesabiwe mjane, nikamweleza na yeye habari ya mtungi. Maskini, alisikiliza mpaka mwisho.

Juzi asubuhi akaja askari mmoja mrefu, mkono wake mmoja haukunjiki vizuri. Akaonja chai, akaniuliza natoka wapi, maana Kiswahili changu si cha hapa. Nikamwambia Kalemie. Akaweka kikombe chini.

"Banange! Tulikuwa na mzee moja ya huko. Fundi. Ile ya kucheka sana."

Nikamuuliza swali langu. Bunduki ilikuwa wapi?

"Kwanza aliweka chini, mama. Katikati. Tukapiga ya kujaribu, boti ikakaa vizuri, afande akafurahi." Nikashika meza. "Kesho yake asubuhi tukakuta mzee ametoa bunduki. Iko napandisha juu ya nyumba ya boti. Afande akasema, mzee, si ilikuwa sawa pale chini? Mzee akasema, hapana, kwetu inakaa juu. Akasema, bila bunduki juu hii ni mtumbwi tu, si boti. Akakata pipa ya mafuta, akafunga juu, akasimama ndani yake. Akatuita sisi wote kumuangalia. Mama, ungeona huyo mzee! Kama bwana harusi."

Sikuuliza jina. Jina la nini? Katika Uganda nzima ni nani mwingine angefanya hivyo? Nilikuona, Baba Zawadi. Nilikuona kifua mbele ndani ya pipa, ukizunguka pande zote, umerudi nyumbani. Ile hoja niliyokushikilia nayo uhai ndiyo hiyo hiyo iliyokuua mbele ya macho yangu, na chai ya watu ikimwagika jikoni.

Akamalizia, naye akiangalia chini. Waliona boti nyingine ubavuni, wewe ukageuza bunduki, ukapiga. Boti ililala mara moja. Wenye bahati waliogelea, yeye akavunjika mkono. Wewe ulikuwa ndani ya pipa, na pipa lilikuwa limefungwa paani.

Ulijua! Hicho ndicho kinachonitoa machozi ya hasira. Wewe ndiye uliyeniambia, tena siku hina yangu haijafifia. Ulijua vizuri kuliko wote waliokuwa pale, ukaiweka kwanza mahali pake, ukaona ni salama, na usalama haukukutosha. Nakulaumu, na huku nakuonea huruma. Ningekuwa na mali ningekununulia tumbo pana na injini mbili nzito, usimame juu mpaka uchoke.

Nikaenda kwa shehe. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilitaka aniambie nikae eda, nifunge mlango, nivae nguo isiyo na rangi, nisitoke, watu wajue mume wangu amekufa na mimi ninamlilia. Alisoma dua yako kwanza. Kisha akaniuliza boti ilipinduka lini, akahesabu kwa vidole.

"Mama Zawadi, eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, siyo tangu siku mke alipopata habari. Yako ilikwisha zamani. Huna deni lolote. Uko huru."

Huru! Nilimaliza eda yako nikikaanga chapati. Niliimaliza nikicheka na madereva, nimevaa kitenge chekundu ambacho ulikipenda ili ukishuka kwenye lori unione kutoka mbali. Nilicheza kwenye harusi kule Masha, Baba Zawadi, nilicheza mpaka kilemba kikafunguka, na wewe ulikuwa chini ya maji, na mimi nilikuwa mjane.

Shehe akasema nirudi kwenye kazi yangu, sheria imekwisha. Nikamwambia, "Shehe, sheria imemalizana na mimi. Mimi na bwana yangu hatujaanza." Hakunikataza.

Leo nimefunga banda la chai. Zawadi amenikunjulia mkeka, watu wanaanza kuingia, na safari hii siwafukuzi. Hasira imeshuka kidogo, basi pokea salamu zangu sasa. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Kwaheri, mume wangu.

Ni mimi,
mjane wako.