Ajitwishe Mwenyewe

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Leo tulikuwa kwa mjumbe. Nimezungushwa weee, leo imekwisha — nusu. Mzee Twalib kaamua sanduku ni langu. Sanduku la mvule la marehemu mama, alilokuja nalo hapa Mchinga siku ya harusi yake. Mfaume, mume aliyeniacha, hakubisha. Alicheka tu. Akasema haya, achukue, ila aje peke yake na ajitwishe mwenyewe. Hataki mwanamume mwingine akanyage ua wake, wala mashoga zangu.

Barazani wakacheka wote. Wanajua mkono wangu ulivunjika na haujapata nguvu. Wanajua na ulivyovunjika. Alinisukuma jikoni, nikaangukia kizingiti, yeye akatangaza nimeteleza. Ndoa ya tangu usichana wangu! Kisha talaka, eti nimekuwa mtu wa kuugua-ugua. Akamuoa Warda.

Nikitoka akanisogelea, sauti ya chini kama ananipa salamu: mwanamke wa miaka hamsini na saba hajitwishi kitu, Mwahija. Anatwishwa.

Nikashika njia. Sina wa kumwambia haya, ndiyo maana naandika.

Alhamisi, 17 Aprili

Lindi, kwa Flora, yule mtaalamu wa viungo aliyenishughulikia mkono. Binti wa kutoka Rondo. Shikamoo yake ya adabu kabisa, halafu anakukaripia bila haya. Nikamwambia nataka nguvu. Nilidhani atacheka. Akauliza, nguvu za kubeba nini, mama? Nikamweleza sanduku. Mfaume sikumtaja.

Kumbe! Anasema mwanamke akishakoma hedhi misuli inapungua na mifupa inapungua, na kupumzika ndiko kunakomaliza kabisa. Dawa ni uzito. Anza mdogo, ukizoea ongeza. Akanikalisha kitini, akaniambia simama bila kushika popote. Nikainuka kama ng'ombe aliyezama kwenye tope.

"Tena," akasema.

Nikasimama tena. Jasho!

Na nile. Mayai, dagaa, kunde. Si chai na andazi asubuhi mpaka jioni.

Miaka yote hii naambiwa pumzika, Mwahija, pumzika. Na nani? Na yule yule.

Jumapili, 4 Mei

Mapaja yanauma hadi chooni nachuchumaa nikilia. Vizuri! Madumu mawili, mchanga nusu nusu. Nayanyanyua uani kabla sijaanza kukuna nazi za mafuta. Nikichoka naiona ile baraza inacheka. Naongeza.

Flora kasema wakati wa kunyanyua nifikirie pumzi. Mimi nafikiria sura ya mtu.

Jumamosi, 31 Mei

Vijana wa kijiweni wamenipa jina. Bi Baunsa! Nimepita na madumu yangu, wakasimama wakapiga saluti. Mwingine kasema bibi, pambano lako la ngumi ni lini? Nikamwambia njoo ubebe hili moja mpaka kwangu. Alifika robo ya njia akalitua. Wenzake walimzomea hadi nikamhurumia.

Wanawake ndio wabaya zaidi. Kisimani wamesema nataka kuwa dume, ndiyo maana niliachwa. Nimesikia. Nimechota maji nikaondoka. Mabega yamekuwa magumu — nayashika usiku kama ya mtu mwingine.

Ijumaa, 27 Juni

Mzee Twalib kaja na tasbihi yake. Samehe mama, yaishe, watu wanasema unajitesa kwa sababu ya kisanduku. Nitamwomba Mfaume akuletee kwa toroli.

Nikamuuliza, siku ile barazani, mzee, wewe ulicheka ama hukucheka?

Akatazama chini. Akasema alitabasamu.

Nikamkaribisha kahawa. Kusamehe nitasamehe, si mimi kiumbe? Ila kwanza nimalize. Mungu naye anajua mpangilio wa mambo.

Jumatano, 16 Julai

NIMEJITWISHA NDOO! Ile kubwa, imejaa pomoni! Chini — magotini — kifuani — kichwani! Maji yalinimwagikia, nikasimama katikati ya ua nimelowa chapachapa nacheka peke yangu kama mwehu. Mkono mbovu ulitetemeka, lakini ulikubali.

Flora alinifundisha: uzito uinuliwe kwa miguu, mgongo usiingilie. Weka mzigo mahali palipoinuka, ingia chini yake, inuka nao. Kwa Mfaume kuna kibaraza mbele ya mlango. Nitalivuta sanduku hadi ukingoni, nishuke, niingie chini. Nimeshaipiga hesabu ile baraza hatua kwa hatua. Niliisakafia mwenyewe, kwa mikono hii.

Jumanne, 2 Septemba

Kaja Warda! Mlango wa uani, ushungi umevutwa hadi puani. Nilitaka kumfukuza. Huyu mtoto nimemtukana moyoni kila siku tangu aingie kwenye chumba changu.

"Mama, shikamoo."

Sikuitikia upesi. Nikaitikia.

Anasema Mfaume amesikia habari zangu, hana raha. Juzi kalijaza sanduku mawe. Mawe! Kapiga kufuli, ufunguo kaficha. Anawaambia wenzake siku nikija watoke waje kutazama kikongwe anavyovunjika kiuno.

Nikamuuliza, na wewe umekuja kuniambia kwa nini?

Akashusha ushungi. Shavu limevimba, jicho limevilia damu. Akasema: niliteleza, mama. Jikoni.

Tukatazamana. Nikampa maji na chumvi akande. Alipoondoka nikanyanyua madumu hadi mikono ikakataa kufumbata. Mfaume nilikuwa namchukia kwa ajili yangu. Sasa namchukia mara mbili, na ile chuki ya kwanza haikupungua hata tone.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kesho. Baada ya swala ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Njia yao inapita pale pale kwa Mfaume. Yeye nimempelekea habari kwamba nakuja. Nimempigia simu Flora. Kasema kula vizuri, lala. Kisha akauliza, mama, ni sanduku tu? Nikamwambia ndiyo.

Nimekula mayai manne. Nimeswali. Sikuomba msamaha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Alasiri. Naandika haraka haraka.

Nilikwenda. Kanga nimefunga kibwebwe. Wanaume, mzee Twalib miongoni mwao, walikuwa wanatoka msikitini, wakasimama kama nilivyotaka. Mfaume kakaa barazani na wenzake, kanzu nyeupe, kaweka na viti vya ziada! Sanduku kaliweka mlangoni, watu waone. Nikalisukuma kwa mguu. Halikutikisika.

Nikasema kwa sauti, mzee Twalib, wewe ni mjumbe, mwambie afungue. Aliloamua mjumbe ni sanduku la mama. Mawe ya Mfaume siyataki.

Mfaume akasema mwanamke huyu kachanganyikiwa, na ufunguo umepotea.

Ndipo Warda akatoka chumbani. Ufunguo mkononi. Akapiga magoti, akafungua, kifuniko kikarudi nyuma, na watu wote wa njiani wakaona mawe. Kuna aliyeguna. Kuna aliyecheka — safari hii si mimi niliyechekwa. Hata mzee Twalib kasema astaghfirullah, Mfaume, mtu mzima!

Nikayatoa moja moja. Polepole. Nikayapanga barazani mbele ya miguu yake. Raha niliyoisikia siwezi kuiandika.

Nikalivuta hadi ukingoni. Nikashuka, nikaingia chini. Miguu. Bismillahi. Niliona giza, shingo ikalia ka! — halafu likaja. Lote. Nikasimama nalo kichwani mbele ya Mchinga nzima. Akina mama wale wale wa kisimani wakapiga vigelegele!

Nilishafika njiani niliposikia Warda analia. Nikageuka. Mfaume kamshika ushungi, mkono umeinuka. Nikalitua sanduku vumbini, sijui nimelitua vipi. Nikarudi, nikaingia kati.

Akanisukuma. Kifuani, kwa mikono miwili, kama siku ile.

Sikwenda popote. Miguu ilibaki pale pale chini. Yeye ndiye aliyerudi nyuma, akajikwaa kwenye mawe yake, akakaa chini na kanzu yake nyeupe. Alinitazama kama hanijui. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Aprili, hakuna hata moja lililokuja.

Nikamwambia Warda, twende. Nikajitwisha tena, nikiliegemeza kwanza kwenye ukuta mfupi wa jirani, nikatangulia. Yeye nyuma, peku.

Sasa wamekuja. Nawasikia mlangoni, Mfaume na mzee Twalib na wengine siwajui. Mzee anasema kwa upole, Bi Mwahija, sanduku ni lako, lakini yule ni mke wa mtu, mtoe yaishe. Mfaume hana upole. Anagonga kwa ngumi.

Warda kakaa juu ya sanduku, kajikunyata. Ananiomba nisifungue.

Nawaza mambo mengi. Sheria sizijui. Kesho watasema nimevunja nyumba ya watu. Huenda ni kweli, na huenda nilitaka. Angekuwa mtu mwema badala yangu, angebaki ndani, angemwita mjumbe peke yake, angezungumza.

Komeo linacheza. Nafungua mwenyewe kabla hawajalivunja. Mungu anisamehe — natamani Mfaume anisukume tena.