Baba Neema, Wimbo Ule Una Sehemu Yako

Baba Neema,

Naandika barua hii hadharani kwa sababu zile za faraghani hukuzijibu. Nilikutumia ujumbe wa kwanza, ukausoma. Tiki mbili za buluu nikaziona kwa macho yangu. Nikatuma wa pili, nao ukausoma. Basi nimeomba nafasi kwenye jarida la jumuiya yetu ya Watanzania hapa London. Najua dada yako wa Hounslow hulisoma kuanzia jalada hadi matangazo ya vifo, na hili hataweza kukaa nalo moyoni. Ukiipata barua hii huko Muheza, ujue ni yeye amekurushia.

Habari yenyewe ni fupi. Binti yetu anaolewa. Send-off yake, sherehe yetu ya kumuaga bibi harusi, ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, ukumbini Harrow, na ametuomba jambo moja tu sisi wazazi wake: tuimbe ule wimbo wa mlangoni, mimi na wewe, mbele ya watu. Hataki tupigiwe sidii, anataka tuimbe wenyewe. Kila siku ananiuliza kama utakuja, na mimi nimechoka kumjibu kwamba sijui.

Wimbo huu unaujua kuliko mimi. Lakini barua ikishakuwa ya wazi, mgeni naye lazima aelewe, kwa hiyo nivumilie nikikueleza mambo uliyonifundisha wewe mwenyewe.

Sisi wawili tulikua tukijua ni wimbo wa Tanga. Ulikuwa ukipigwa redioni Jumapili baada ya salamu. Mwanamke anaimba akiwa jikoni, mumewe yuko mlangoni anavaa viatu aende kazini. Anamwambia mlango asiufunge, ataufunga yeye mwenyewe akishasikia hatua zake zimeishia barabarani. Kisha gita la solo linaingia, linacheza kipande kifupi kitamu, halafu mwanamke anaendelea. Kwenye harusi yetu pale Muheza bendi iliupiga mara mbili, kwa sababu mjomba wako alipanda jukwaani akakataa kushuka mpaka waurudie.

Majira yetu ya kwanza ya baridi hapa, wewe ukiwa bado unajifunza kuendesha basi, tuliingia kwenye duka la santuri kuukuu kule Hounslow ili tupate joto tu. Wimbo ukaanza kupigwa, kwa Kiingereza. Ulisimama kama mtu aliyeona baiskeli yake iliyoibiwa. Ukamfuata mwenye duka, mzee wa Kizungu mwenye sweta la kijani, ukamwambia kwa heshima zote, "Excuse me, sir, this song is ours. It is from Tanga." Yule mzee hakucheka. Aliinama chini ya meza, akatoa sahani ya santuri, nyeusi na nzito, akakueleza kwamba wimbo umetoka kwenye mchezo wa jukwaani uliochezwa humu humu London, kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Kwenye basi la kurudi mimi nilicheka hadi nikatokwa na machozi, na abiria wakahama kiti.

Wiki iliyofuata ulirudi peke yako ukainunua ile sahani. Ugonjwa wako wa kukusanya kila rekodi ya wimbo huo ulianzia hapo.

Kwenye sahani hiyo anaimba mwigizaji aliyeuimba jukwaani. Mchezo wenyewe haukudumu, watu hawakuupenda, na nyimbo zake nyingine hakuna azikumbukaye. Huu mmoja ulinusurika kwa sababu ya sahani ile. Anaimba kwa nguvu, kama mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya barabara, na pale tulipozoea kusikia gita kuna fidla.

Akafuata, kwenye sahani ya pili uliyoileta, yule mwanamume na bendi yake kubwa ya tarumbeta, akaugeuza kuwa wimbo wa dansi. Wewe ulimpenda. Mimi nilikwambia, "Huyu haagi mtu, huyu yuko harusini." Ukanijibu, "Kwani lazima kila mtu alie?" Tulibishana Jumapili nzima hadi ugali ukapoa, na Neema, aliyekuwa bado anatambaa, akala kipande cha jalada.

Kisha ukaleta ile ya Mmarekani mwenye piano. Anaimba polepole mno. Kwa kasi yake mume angekuwa ameshafika kazini na kurudi. Hapo pa gita ameweka saksafoni inayolia peke yake. Hiyo ndiyo niliyoipenda mimi, ingawa mbele yako sikukiri.

Ukaleta na ile ya filamu. Uliposoma kwamba yule mrembo kwenye jalada alikuwa akichezesha midomo tu, na mwimbaji halisi jina lake halikuandikwa popote, ulikasirika wiki nzima. "Mtu katoa sauti yake, sifa kapewa mwingine," ulikuwa ukisema, hata kwa majirani waliokuja kuomba sukari. Nilipenda hasira yako ile. Nasema wazi kwa sababu ni kweli.

Ya Tanga ndiyo iliyokusumbua kuipata. Mwishowe binamu yako alituma kanda aliyoirekodi kwenye redio ya mezani. Mtangazaji anakohoa mwanzoni, na katikati jogoo anawika. Tuliipiga kanda hiyo hadi ikaanza kupiga kelele. Kiswahili alichonacho Neema, kingi amekipata humo. Ukimsemesha anaelewa kila kitu na anakujibu Kiingereza, lakini mwambie aimbe wimbo huo, hakosei hata herufi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu, Baba Neema. Wewe ukitoka kwenda depo ya mabasi, mimi nimerudi kutoka zamu ya usiku wodini sijavua hata kitambulisho. Mimi jikoni nikipasha chai, wewe koridoni ukifunga kamba za viatu. Nilikuwa nikianza wimbo, na ukifika pale pa gita ulipiga mluzi, kipande chote, bila kukosea. Halafu mimi naendelea na wewe unaondoka. Mtoto alikaa kwenye ngazi na bakuli lake, akitusikiliza. Aliniambia majuzi kwamba hadi anaanza sekondari alidhani kila nyumba ndivyo wanavyoagana.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza.

Siku moja niliokota sidii kwenye duka la chariti, la vitu vilivyotumika, hapa Harrow. Kumbe wanamuziki fulani walikuwa wameurudia mchezo wote kama ulivyokuwa jukwaani, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu. Tuliketi sebuleni tukauweka wimbo wetu. Mwanamke akaimba. Tukafika pale pa fidla, pa saksafoni, pa gita, pa mluzi wako. Ikatoka sauti ya mwanamume.

"Kumbe kuna mtu anajibu," ulisema.

Ulisoma kile kijitabu cha ndani ukanieleza. Upande mmoja wa sahani za zamani ulibeba dakika chache tu. Wimbo mzima haukuenea humo, kwa hiyo wakakata maneno ya mwanamume, wakaacha fidla ipite mahali pake. Waliokuja baadaye wote walijifunza kwenye sahani, si jukwaani, na kila mmoja akaweka chombo chake. Ndiyo maana hata watu wetu wa Tanga waliweka gita; hakuna aliyewaambia kwamba hapo kuna mtu. Jukwaani mwanamume mwenyewe hata haonekani. Yuko nje ya mlango, anamwambia mkewe kwamba anamsikia, na kwamba hajaenda mbali.

Uliirudia sehemu hiyo mara nyingi. Nilidhani umefurahi. Asubuhi yake nikaimba jikoni kama kawaida, nikafika pale, nikasubiri mluzi. Haukuja. Wala hukuimba maneno. Ulisema, "Haya, baadaye," mlango ukafungwa kwa kishindo.

Hukupiga mluzi tena katika nyumba ile. Sijui ulisikia nini kwenye sidii. Labda ulichoka kuwa gita, na maneno hukuwa nayo. Kabla mwaka haujaisha ulikwenda Muheza kumalizia nyumba, kwa miezi michache. Nyumba nasikia imeisha zamani, ina vigae vyekundu, na ina mtoto anayekimbia uani. Niliumia, Baba Neema. Nililia hadi nikajichukia. Siku hizi silii, na kitanda nimezoea kukilalia katikati. Hasira ninayo bado, kidogo, ya matumizi ya nyumbani.

Kwa hiyo usije ukafikiri nakuita urudi. Nakuita Jumamosi moja. Pasipoti ya huku unayo, kwa hiyo habari za viza usinianzie.

Kamati ya send-off inakutana mtandaoni kila Alhamisi. Wiki mbili zilizopita mwenyekiti, Mama Upendo, aliuliza kwa upole kama baba mzazi atakuwepo. Nikasema bado tunawasiliana, uongo mtupu. Akashauri basi didjei apige sidii. Neema akakataa. Mdogo wako Elia, Mungu ambariki, akajitolea aimbe yeye sehemu yako; alikuwa ameshafanya mazoezi bafuni, mkewe ndiye aliyetuambia.

"No, Baba mdogo," Neema alimwambia. "Asante sana, but it's not your bit."

Elia, aliyeambiwa sehemu ile si yake, akainamisha kichwa. Mama Upendo akasema, basi mpiga piano ajazie hapo, hakuna atakayejua.

"Nobody fills it," Neema akasema. "Kama Dad hayupo, leave it empty."

Nikamwambia, "Mwanangu, watu watadhani tumesahau wimbo."

"Let them, Mum."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizifikiria zile santuri zako, ambazo bado ziko chini ya ngazi, sijazitupa wala kuziuza. Rekodi zote ulizokusanya, hakuna hata moja iliyopaacha patupu. Mmoja fidla, mmoja tarumbeta, mmoja saksafoni, wetu gita. Kila aliyefika hapo alipaziba. Binti yako ndiye wa kwanza kutaka pasizibwe, na ni mimi nitakayesimama hapo na kipaza sauti mkononi, shemeji zangu wote wakinitazama. Naogopa. Nimewahi kukaa na wagonjwa wanaokata roho nisiogope hivi.

Jumapili iliyopita tulikwenda na Neema kufanya mazoezi kwa Bwana Pinto, mpiga piano wetu, mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Dar, ambaye ana piano sebuleni na Kiswahili kinachokishinda changu. Wimbo ulipofika pale pa gita akanigeukia, "Mama, hapa nipige nini?"

"Usipige kitu," nilimjibu.

Akanyanyua mikono akaiweka mapajani. Tukasubiri. Nilisikia friji yao ikinguruma na mtu akikokota pipa la taka nje. Ni mahali pafupi kwenye wimbo, lakini kimya kilikuwa kirefu. Bwana Pinto alipoanza tena, mimi nikasingizia kikohozi. Mkewe akaniletea maji ya moto na limau.

Kwenye treni ya kurudi Neema aliiangalia simu yake hadi tulipokaribia kwetu. Kisha akanionyesha. Alikuwa ameandika maneno ya sehemu yako. Wimbo wa Tanga hapo hauna maneno, si unajua, una gita. Yaliyopo kwenye sidii ni ya Kiingereza, na hakutaka uimbe Kiingereza. Ameyageuza mwenyewe yawe ya Kiswahili, kwa ajili yako, yaingie kwenye tuni. Amekuwa akiyafanyia kazi tangu mwezi uliopita na hakuniambia.

"It's easy, right?" aliniuliza. "Hata Dad can learn it on the plane."

Nikayasoma. Ni mstari mmoja tu:

*Nakusikia, mwanangu, bado niko hapa.*

Kwenye sidii yule mwanamume anamjibu mkewe; hapa anayejibiwa ni mwana. Nilimtazama Neema, naye akageukia dirishani.

Basi ndiyo hayo maneno, Baba Neema. Usije nayo kwenye karatasi.

Mimi niliyekuwa mkeo,
Mama Neema