Mpamba wa Shangazi Efrasia

Jumatatu, 2 Juni

Mitego tena. Nimeipitia yote ya ufukweni, kila mmoja na kidonge chake chenye harufu ya nondo jike. Hakuna dume aliyenasa. Vizuri.

Mchana, kung'oa. Huku kusini pamba ni marufuku tangu enzi za bibi zetu, kwa sababu ya funza mwekundu, buu wa nondo huyo, anayekula vitumba. Akipanda kaskazini mpaka Shinyanga na Simiyu, pamba ya taifa imekwisha. Hotuba hiyo naitoa kila ua, nimeichoka mwenyewe. Watu hawalimi, ila kila mji wenye mzee una mpamba mmoja nyuma ya jiko. Wa kuhifadhia maiti. Wa kitovu cha mtoto.

Leo wa Mama Kosmas, mjane, jirani yetu. Hakubisha. Aliomba tu achume kwanza zile zilizopasuka. Nikamkatalia. Nikachoma zote mbele yake, nikafukua na udongo, maana buu hulala humo. Kazi safi. Mbona sina raha?

Jumatano, 4 Juni

Najua kwa nini sina raha. Nimefikia kwa Shangazi Efrasia, dada yake baba, aliyeolewa huku ziwani kutoka kwetu Ukata. Ndiye anayeosha marehemu wa kigango kizima. Naye ana mpamba. Umepita paa la jiko. Kila nikienda chooni unanipangusa bega.

Najifanya siuoni. Nakula samaki wake wa mbasa na ugali wake wa muhogo, naoga maji aliyochota yeye na umri wake ule. Najiambia nitaung'oa mwisho, kwa heshima. Heshima gani! Namwogopa. Hata mtego sijautundika hapa. Mwenzangu wa kituo cha kilimo angeuliza, mtego nyumbani kwa watu wa nini? Na mpamba ungejulikana.

Ijumaa, 6 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akaniinua nitoe taarifa. Nikasema kijiji ni safi, hakuna mpamba uliobaki. Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Mtu akakohoa nyuma. Mama Kosmas aliinama akawa anachora chini kwa kijiti. Shangazi akapiga makofi, wengine wakafuata kivivu.

Wakati wa kurudi nikapita bombani. Mama mmoja akasema, "Mkuki kwa nguruwe, mwee!" Wenzake wakaangua kicheko. Hakumalizia, wala hakuwa na haja. Nilichota maji yangu nikaondoka na ndoo nusu.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Sikwenda kukomunika. Shangazi akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo. Uongo mwingine.

Jumanne, 10 Juni

Mama mkwe wa Mama Kosmas amefariki jana. Asubuhi nilikuwa uani nakunywa chai ndipo Mama Kosmas akaingia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, marahaba, mtaalamu. Akapiga magoti mbele ya shangazi, akaomba pamba ya kumhifadhia marehemu. "Yangu, dada, unajua." Hakunitazama. Heri angenitukana.

Shangazi akachukua ungo akachuma, mimi nimekaa hapo hapo na kikombe. Kitumba kimoja hakikuwa kimepasuka, akakitupa chini. Nikakiokota. Mazoea tu. Nikakipasua kwa kucha.

Funza mwekundu. Mnene, ana zile alama kama vichwa vya mishale mgongoni. Nimewafundisha watu juu yake kwa picha miaka yote, leo anajinyonganyonga kiganjani mwangu. Chai ikanimwagikia.

Wote wawili wakasogea kumtazama. Shangazi akasema, taratibu kabisa, "Kumbe ni kweli?"

Akaeleza. Nilivyouacha wake, alijua ni maneno ya ofisini tu. Hakuna mdudu. Mtu anayesema nyumba inaungua hawezi kulala humo humo. Kila mtu alijua hivyo. Angejua ni kweli angeung'oa mwenyewe siku niliyofika.

Mungu wangu. Kusoma kote kule, mitego yote ile, na aliyewafundisha kwamba funza ni hadithi ni mimi.

Jumatano, 11 Juni

Tumezika. Kwenye matangazo, kabla watu hawajatawanyika, nikaomba nafasi. Nikasema niliwadanganya mkutanoni, mpamba ulikuwepo, kwa shangazi yangu, na funza yumo. Sikumbuki nilikaaje chini.

Nimeshapiga simu kituoni nikasema yote. Mkuu wangu akasema nianze upya kijiji kizima, kisha nipande na vijiji vya juu, Tingi na Kingerikiti. Kuhusu mimi tutaongea nikirudi. Najua maana yake.

Jioni nikauangusha mpamba wa shangazi. Waliotoka msibani wakasimama kuangalia. Hakuna aliyeshika jembe. Mzizi ulikuwa mgumu, viganja vimechubuka, wala sikutaka mtu anisaidie. Shangazi alileta mafuta ya taa mwenyewe, akawasha, akaingia ndani. Chakula amenifunikia.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Kosmas alinitumia salamu niende kwake peke yangu. Nilikwenda nikijua nakwenda kusemwa. Ilikuwa haki yake.

Alinizungusha nyuma ya choo, akaondoa majani makavu ya mgomba. Chini yake miche ya pamba, imeota vizuri, imenyweshewa. Siku ile nilipoonyesha ujuzi wangu uani kwake alikuwa na mbegu kwenye pindo la kanga. Alipoona wa shangazi umesimama, akazipanda.

Tukaing'oa pamoja, tumechuchumaa. Nilitaka kuomba msamaha, nikawa natafuta pa kuanzia. Akanitangulia yeye. Akanishika mkono wenye udongo, macho chini, akaniomba, tafadhali mwanangu, nisimwambie mtu kwamba alificha. Anaona aibu.

Yeye, mbele yangu mimi!

Nikasema sawa, mama. Nikakusanya miche nikaipeleka motoni.